Somo kwa Vikundi vya Masomo: Majibu ya Uchunguzi wa Mlango wa Kizazi na Safari ya Matibabu Inayoahirishwa

SHABAHA YA SOMO

Somo hili limekusudiwa kusomwa katika vikundi vya masomo vya vyama vya msingi, chini ya uongozi wa katibu au mwalimu wa kikundi. Wanakikundi watakapolimaliza wataweza:

(a) kueleza maana ya majibu yasiyo ya kawaida baada ya uchunguzi wa mlango wa kizazi;
(b) kutaja sababu zinazowafanya baadhi ya wanawake wawahi matibabu na wengine wakawie;
(c) kubainisha ni sababu zipi zinazoweza kuondolewa na chama cha msingi, na zipi ni za watumishi wa afya;
(d) kupanga hesabu ya mfuko mdogo wa nauli ya matibabu.

UTANGULIZI

Katika zahanati na vituo vya afya vilivyo jirani na magulio ya vyama vyetu, wanawake huchunguzwa mlango wa kizazi. Walio wengi huambiwa kuwa hakuna dosari, wakarudi kwenye shughuli zao. Wachache huambiwa kuwa yameonekana mabadiliko yanayohitaji kutibiwa au kuchunguzwa zaidi. Miongoni mwa hao wachache, wapo wanaotibiwa siku hiyo hiyo au juma hilo hilo. Na wapo wanaoikunja karatasi ya rufaa, wakaiweka sandukuni, wakangoja. Wengine hungoja mwezi, wengine mwaka, na wengine hawaendi kabisa mpaka damu ianze kutoka. Somo hili lahusu tofauti hiyo.

Yamkini mwanachama atauliza: bei ya kahawa, mizani na pembejeo vinahusiana nini na mlango wa kizazi? Jibu lake ni jepesi. Mikono inayochuma kahawa, inayookota korosho na inayovuna pamba, kwa sehemu kubwa ni ya wanawake. Mama wa nyumba akiugua, shamba hulala. Tena misingi saba ya ushirika iliyokubaliwa na vyama vya ushirika vya dunia nzima mjini Manchester, Uingereza, mwaka 1995, inautaja msingi wa elimu na msingi wa kuijali jamii. Wala si jambo geni nchini kujifunza afya katika vikundi. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi vya kusikiliza redio na kusoma, kisha wakachimba vyoo na kufukia madimbwi. Walijifunza, wakajadiliana, wakatenda. Njia hiyo ingali inafaa.

SEHEMU YA KWANZA: MAANA YA MAJIBU

Mlango wa kizazi ni sehemu ya chini ya mfuko wa uzazi, inayotokeza ukeni. Saratani ya sehemu hiyo, karibu kila mara, huanzishwa na virusi viitwavyo HPV, ambavyo huambukizwa kwa kujamiiana. Vipo vya aina nyingi. Aina mbili, ya 16 na ya 18, ndizo chanzo cha takriban asilimia 70 ya saratani hizo. Karibu kila mtu aliyewahi kujamiiana huvipata wakati fulani wa maisha yake, na mwili wa walio wengi huvishinda wenyewe katika muda wa mwaka mmoja au miwili. Kwa wachache virusi hubakia, vikageuza polepole chembe hai za mlango wa kizazi. Mabadiliko hayo si saratani. Ni hali itanguliayo saratani, nayo kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 kufikia saratani kwa mwanamke mwenye kinga nzuri ya mwili. Kwa mwanamke ambaye kinga yake imedhoofika, kwa mfano anayeishi na virusi vya UKIMWI bila kutumia dawa, huweza kuchukua miaka 5 hadi 10 tu. Mwanamke anayeishi na virusi vya UKIMWI yumo katika hatari iliyo kubwa mara sita kuliko mwenzake, na kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani lashauri aanze kuchunguzwa akiwa na umri wa miaka 25, ilhali wengine huanza wakiwa na miaka 30.

Uchunguzi hufanywa kwa njia mbalimbali. Ulioenea sana vijijini ni ule wa siki: mtumishi wa afya hupaka mlango wa kizazi dawa nyepesi ya asidi ya siki, akangoja kama dakika moja, kisha akatazama kwa macho. Chembe zilizobadilika huonekana kama baka jeupe. Njia ya pili ni kuchukua chembe kwa brashi ndogo na kuzipima maabara. Njia ya tatu ni kupima virusi vya HPV vyenyewe. Na katika kipimo hiki mwanamke aweza hata kujichukulia sampuli mwenyewe faraghani.

Hapana budi mambo matatu yaeleweke vizuri katika kikundi.

Kwanza, majibu yasiyo ya kawaida si hukumu ya saratani. Mengi ya mabadiliko madogo hutoweka yenyewe. Lakini mwanamke hawezi kujua kwa kujitazama au kwa kujisikia kama lake ni la kutoweka au la kuendelea. Mwenye kujua ni mtumishi wa afya aliyempima na atakayemfuatilia.

Pili, hali hii haina maumivu wala dalili. Anayengoja kuumwa ndipo aende, amengoja mpaka jambo limegeuka kuwa jingine.

Tatu, majibu hayaonyeshi nani alimwambukiza nani, wala lini. Virusi huweza kukaa mwilini miaka mingi bila kujulikana. Kwa hiyo majibu hayo si ushahidi wa uasherati, wala hayafai kuwa chanzo cha kesi nyumbani.

SEHEMU YA PILI: MATIBABU NI YAPI, NA KUKAWIA HUGHARIMU NINI

Watu wengi husikia neno "matibabu" wakafikiria kulazwa, kupasuliwa na kuondolewa kizazi. Kwa hali itanguliayo saratani, mambo si hivyo. Mabadiliko madogo huteketezwa kwa baridi kali, kazi ya robo saa hivi, au kwa joto kali, kazi ya dakika moja au mbili. Mwanamke hatiwi usingizi wala halazwi. Hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Mabadiliko makubwa zaidi huondolewa kwa kitanzi chembamba cha waya wa umeme baada ya kuchomwa sindano ya ganzi, na aghalabu kazi hiyo hufanyika hospitali ya wilaya au ya mkoa. Baada ya matibabu ya baridi au joto, majimaji huweza kutoka kwa majuma kadhaa, na mwanamke hushauriwa kutojamiiana kwa muda wa kama majuma manne ili kidonda kipone. Hatimaye hurudi kupimwa tena, kwa kawaida baada ya miezi 12.

Tiba ya baridi au ya joto haimzuii mwanamke kuzaa. Ile ya kitanzi huweza kuongeza kidogo uwezekano wa kujifungua kabla ya wakati, na kwa hiyo mwanamke ambaye angali anataka watoto yafaa amweleze daktari mapema. Mwenye mimba naye aseme. Mara nyingi tiba huahirishwa mpaka baada ya kujifungua, na mwenye kuamua hayo ni daktari.

Sasa, je, asipotibiwa? Ushahidi ulio wazi kabisa ulipatikana New Zealand, tena kwa njia ya kusikitisha. Huko, kuanzia miaka ya 1960, daktari mmoja katika hospitali ya mji wa Auckland aliamini kwamba mabadiliko makubwa ya chembe hayageuki kuwa saratani, akawaacha baadhi ya wanawake wakiangaliwa tu bila ya kutibiwa ipasavyo, na wenyewe bila kuelezwa. Jambo hilo lilipofichuliwa iliundwa tume ya uchunguzi chini ya hakimu Silvia Cartwright, nayo ikatoa taarifa yake mwaka 1988. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulifuatilia kumbukumbu za wanawake hao. Katika muda wa miaka 30, kati ya kila wanawake 100 walioachwa bila tiba ya kutosha, wapatao 31 walipata saratani. Kati ya kila 100 waliotibiwa vizuri, hakufika hata mmoja.

Tofauti kati ya 31 na chini ya mmoja ndiyo thamani ya ile safari inayoahirishwa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wenyewe, katika maradhi haya, hujengwa mbali. Saratani ikishapevuka huhitaji upasuaji mkubwa au tiba ya mionzi, nayo nchini hupatikana mahali pachache, kama vile Taasisi ya Saratani Ocean Road iliyoko Dar es Salaam na Hospitali ya Bugando iliyoko Mwanza. Makadirio ya mwaka 2020 yalionyesha kwamba Tanzania ilikuwa na wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 wa saratani ya mlango wa kizazi kwa mwaka, na vifo zaidi ya 6,000. Hakuna saratani nyingine iliyoua wanawake wengi nchini kuliko hiyo.

SEHEMU YA TATU: SABABU ZA KUKAWIA

Ni kosa kubwa kusema kwamba wanaokawia ni wajinga au wazembe. Aliyekubali kuchunguzwa si mzembe. Alikwisha kutembea, akapanga foleni, akavua nguo mbele ya mtu asiyemjua. Lazima iulizwe ni kitu gani kilimzuia katika hatua iliyofuata. Sababu zinazoonekana mara kwa mara ni hizi:

(a) Maneno ya majibu. Mwanamke akiambiwa kwamba majibu yake ni "chanya", neno hilo kwa mmoja humaanisha jambo jema, na kwa mwingine humkumbusha kipimo cha UKIMWI. Akiambiwa kwa haraka kwamba "kuna dalili za saratani", husikia neno moja tu, saratani, na yaliyofuata hayamwingii. Wa kwanza hurudi nyumbani akiwa ametulia isivyostahili. Wa pili hurudi akiwa amekata tamaa. Wote wawili hawaendi kwenye rufaa.

(b) Kutojisikia mgonjwa. Mtu mzima aliyezoea kwenda hospitali pale anaposhindwa kuinuka haoni kwa nini apoteze siku mbili za kazi kwa ajili ya kitu kisichomuuma.

(c) Hofu. Wengi wamewaona wagonjwa wa saratani waliopelekwa hospitali wakiwa wamekwisha kuzidiwa, nao wakafa. Basi huamini kwamba hospitali ndiko wanakofia watu, ama kwamba saratani ikiguswa huchachamaa. Kinyume chake ndicho kweli: wengi wa wale waliokufa walifika wakiwa wamechelewa. Hofu nyingine ni ya kukosa kuzaa, na hofu ya kuonekana na mtumishi wa kiume.

(d) Aibu na maneno ya watu. Maadam ugonjwa wahusu sehemu za siri, mwanamke huogopa kudhaniwa mhuni. Huchelea hata kuomba nauli, kwa sababu atakayempa atauliza ni ya nini. Mficha uchi hazai, walisema wazee. Lakini lazima pia pawepo mahali salama pa kuufunulia.

(e) Nyumbani. Masharti ya kutojamiiana kwa majuma manne hayawezi kutimizwa na mke peke yake. Mume asipoelezwa, mke huona ni heri aache tiba kuliko kuzusha ugomvi. Mara nyingine ruhusa ya kusafiri, fedha ya safari na mtu wa kubaki na watoto, vyote vitatu viko mikononi mwa mtu ambaye hajaambiwa chochote.

(f) Fedha na msimu. Hata pale ambapo uchunguzi wenyewe hautozwi, nauli hutozwa, na chakula hununuliwa. Fedha ya mkulima huja kwa msimu. Kwa mkulima wa pamba huja kuanzia miezi ya Mei na Juni. Kwa wa korosho, kuanzia Oktoba. Mwanamke aliyepewa rufaa miezi mitatu kabla ya mauzo hana kitu. Na mauzo yakifika, hana nafasi, kwa kuwa kazi imemkaba. Zaidi ya hayo, katika vyama vingi mwenye uanachama ni yule ambaye shamba ni lake, naye kwa kawaida ni mume. Stakabadhi huandikwa jina lake na malipo huingia katika akaunti yake. Mke aliyeuchuma mzigo huo hana haki ya kuchukua hata shilingi moja dirishani.

(g) Huduma yenyewe. Pengine mwanamke huenda, akaambiwa kuwa gesi ya tiba ya baridi imekwisha, au mashine imeharibika, au mtumishi aliyefunzwa yuko semina, arudi juma lijalo. Pengine sampuli ilipelekwa maabara ya mbali na majibu hayakurudi. Mtu aliyesafiri mara mbili bila ya kutibiwa si rahisi asafiri mara ya tatu. Huyo huandikwa daftarini kuwa "hakurudi", ilhali alirudi.

(h) Tiba nyingine. Wapo wanaokwenda kwanza kwa mganga wa mitishamba au kwenye maombi. Anayetaka kuomba na aombe. Ila sala haimzuii mtu kupanda basi. Miezi inayopita katika kunywa dawa zisizojulikana ndiyo miezi ambayo baka dogo hupata nafasi ya kukua.

SEHEMU YA NNE: SABABU ZA KUWAHI

Kikundi kisisome habari za kukawia tu. Wanawake wengi huwahi, nao wana mengi ya kufundisha. Sababu zao, zikitazamwa moja moja, ni kinyume cha zile zilizotangulia.

Huwahi yule aliyeelezwa kwa lugha nyepesi. Muuguzi mwenye busara husema hivi: "Mama, nimeona baka dogo kwenye mlango wa kizazi. Sijasema kwamba una saratani. Tukilitibu sasa, tunaizuia saratani isije. Kazi yenyewe ni ya muda mfupi." Kisha humwomba mama aeleze kwa maneno yake alivyoelewa. Akijibu, "Nimeelewa, nesi: sijaugua, ila nikiacha nitaugua," somo limefika.

Huwahi yule aliyetibiwa papo hapo. Utaratibu wa kupima na kutibu siku moja umethibitika kuwa kinga kubwa dhidi ya kupotea njiani, kwa sababu unaondoa safari ya pili. Pale ambapo kituo kina kifaa cha tiba, mwanamke ambaye baka lake ni dogo hana haja ya kurudi nyumbani kuomba nauli.

Huwahi yule aliye na mwenzake. Dada, jirani, au mume anayejua tarehe ya kurudi hukumbusha, husindikiza, hubaki na watoto. Mume aliyealikwa kuelezwa na muuguzi mara nyingi huwa ndiye mhimizaji.

Huwahi, mwisho, yule aliyemwona mtu aliyepona. Ushuhuda wa mwanamke mmoja wa kijiji hicho hicho, aliyetibiwa miaka mitatu iliyopita na ambaye angali analima na kuzaa, huwa na nguvu kuliko mabango kumi.

SEHEMU YA TANO: NAFASI YA CHAMA CHA MSINGI

Chama cha msingi si zahanati. Hakina kazi ya kupima, kutafsiri majibu, wala kushauri dawa. Lakini ukirudia orodha ya Sehemu ya Tatu utaona kwamba baadhi ya vizuizi, hasa (e) na (f), havimo katika uwezo wa mganga. Vimo katika mambo ambayo chama hushughulika nayo kila siku: fedha, msimu na mikutano. Chama chaweza kufanya mambo manne.

1. Kupanga siku ya uchunguzi kulingana na kalenda ya mazao. Katibu aonane na mganga mfawidhi wa kituo cha jirani kabla ya msimu, na wakubaliane juma ambalo uchunguzi na tiba vitapatikana pamoja. Siku ifaayo si katikati ya mavuno, wala si miezi ambayo hakuna fedha hata ya chumvi. Juma linalofuata malipo ni zuri.

2. Kuwaelimisha wanaume. Mkutano mkuu ndio mahali ambapo wanaume wengi wa kijiji huketi pamoja na kusikiliza. Muuguzi apewe robo saa katika ajenda, si mwishoni watu wanapoondoka, bali kabla ya taarifa ya mapato. Aeleze hasa mambo mawili: kwamba majibu si ushahidi wa uzinzi, na kwamba majuma manne ya kungoja ni sehemu ya dawa. Aeleze pia chanjo ya HPV, iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na ambayo mwaka 2024 ilianza kutolewa kwa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Chanjo hiyo haimtibu mama aliyekwisha kupata mabadiliko, humkinga binti.

3. Kuunda mfuko mdogo wa nauli ya matibabu, uliopitishwa na mkutano mkuu. Mfuko huo uwafae wanawake wote wa kaya ya mwanachama, si wenye hisa peke yao. Usipofanya hivyo, utawaacha wale wale ambao majina yao hayamo katika rejesta.

4. Kudai huduma. Mwanamke mmoja aliyerudishwa kwa kukosekana gesi hana sauti. Barua ya chama, yenye muhuri na kumbukumbu namba, ikienda kwa Mganga Mkuu wa Wilaya na nakala kwa diwani, hujibiwa.

ZOEZI LA HESABU

Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu. Kila chama kitumie nauli halisi ya mahali pake.

Chama kina wanachama 420. Mkutano mkuu umekubali makato ya Sh. 1,500 kwa kila mwanachama kwa msimu.

Mapato ya mfuko: 420 x Sh. 1,500 = Sh. 630,000.

Gharama ya safari moja ya mgonjwa na msindikizaji wake:
Nauli, watu wawili, kwenda na kurudi: Sh. 48,000
Chakula: Sh. 12,000
Jumla: Sh. 60,000

Kwa hiyo mfuko unatosha safari 10, na salio la Sh. 30,000. Sasa tuseme wanawake watatu walifika hospitali wakakuta mashine haifanyi kazi, ikawabidi kusafiri mara ya pili. Safari tatu zimepotea, yaani Sh. 180,000, na mfuko badala ya kuwahudumia wanawake 10 umewahudumia saba. Hao watatu waliokosa nafasi wangepona kwa simu moja ya kuuliza kabla ya kuondoka. Kwa hiyo iwe kanuni: hakuna safari mpaka kituo cha rufaa kimethibitisha siku.

WAJIBU WA KATIBU NA UTUNZAJI WA SIRI

Hapa ndipo mifuko mingi ya hisani huvunjika. Mkaguzi wa hesabu anataka ushahidi wa kila shilingi. Mwanamke anataka ugonjwa wake usijulikane. Yote mawili ni haki, na yote mawili yanawezekana.

Mkutano mkuu uchague wajumbe wawili wanawake wanaoaminika. Karatasi ya rufaa itaonyeshwa kwa hao tu, na itabaki mikononi mwa mwenyewe. Wajumbe watatia sahihi hati fupi isemayo kwamba wameiona rufaa halali yenye muhuri wa kituo cha afya, bila kutaja ugonjwa. Katika vocha ya malipo katibu ataandika "nauli ya matibabu", namba ya hati na kiasi. Ataambatisha tikiti za basi. Mkaguzi ataridhika, kwa kuwa sahihi, namba na risiti zipo. Jina la ugonjwa halina nafasi katika vitabu vya chama, wala halisomwi mkutanoni.

Vivyo hivyo mfuko usiwe wa ugonjwa mmoja. Ukiitwa "Mfuko wa Saratani", kila atakayeonekana akipokea fedha atakuwa ametangazwa. Uitwe Mfuko wa Nauli ya Matibabu, na uhudumie rufaa zote. Hivyo mwenye kuvunjika mguu na mwenye kupewa rufaa ya mlango wa kizazi watapita mlango mmoja.

Katibu akumbuke pia kwamba mwanamke ana haki ya kukataa. Kazi ya chama ni kuondoa vizuizi, si kumlazimisha mtu. Lakini zipo dalili ambazo hazingoji mjadala wala msimu: kutokwa damu baada ya kujamiiana, damu katikati ya siku za mwezi, damu baada ya kukoma hedhi, uchafu wenye harufu mbaya usiokoma, au maumivu ya nyonga yasiyoisha. Mwenye dalili hizo aende kituo cha afya mara moja, hata kama alipimwa mwaka jana akaambiwa yu salama.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Bibi Fulani alichunguzwa mwezi wa Machi akapewa rufaa ya hospitali ya wilaya. Mume wake ndiye mwanachama. Malipo ya mazao yatatoka Julai. Hajamwambia mtu. Tajeni vizuizi vyake vyote kwa kufuata herufi za Sehemu ya Tatu. Ni vipi ambavyo chama chenu kingeweza kuviondoa kabla ya mwisho wa Aprili?

2. Katika kijiji chenu, mwanamke aliyepewa rufaa husafiri kilomita ngapi, kwa nauli kiasi gani, na hurudi siku ngapi baadaye? Pangeni upya hesabu ya mfuko kwa tarakimu hizo.

3. Mwanachama mmoja mwanamume anapinga makato akisema, "Mimi sina binti wala mke, fedha yangu haiendi huko." Mwenyekiti amjibu nini kwa kutumia misingi ya ushirika?

4. Je, kituo cha afya cha jirani kinapima na kutibu siku moja? Kama hakifanyi hivyo, kinakosa kitu gani: kifaa, gesi, au mtumishi aliyefunzwa? Andikeni rasimu ya barua.

5. Ni nani katika kijiji chenu ambaye wanawake wangeweza kumwonyesha karatasi ya rufaa bila kuogopa? Kama hayupo, kwa nini?

Mwalimu wa kikundi asimamie swali la kwanza kwa utulivu, na wanawake wapewe nafasi ya kuzungumza peke yao kabla ya kikao cha pamoja. Majibu ya swali la pili na la nne yaandikwe, yatiwe sahihi na katibu, na yaletwe Chama Kikuu kabla ya mkutano mkuu ujao, ili barua za vyama mbalimbali zipelekwe wilayani zikiwa pamoja. Majibu ya swali la tano yabaki kikundini.